Kichakataji na Mapigo Yake

Katika istilahi zilizoingia lugha yetu pamoja na kompyuta, sijaona iliyowagharimu wanunuzi fedha nyingi bila ya haki kuliko neno “kasi” linapotajwa kando ya kichakataji. Muuzaji husema prosesa hii ina spidi ya gigahezi 3 na ile 2.5, mwandishi wa kitabu huichukua spidi hiyo akaiita kasi, na mnunuzi, ambaye hana sababu ya kuwashuku wawili hao, hutoka dukani akiamini kwamba mwenye 3 atamaliza kazi kabla ya mwenye 2.5. Itikadi hiyo aghalabu ni batili, na ubatili wake umeanzia katika tafsiri.

Neno kichakataji lenyewe lina nasaba njema. Kuchakata ni kitenzi kilichozoeleka katika mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako majani huchakatwa hata zikabaki nyuzi. Na lilipohitajika jina la chombo kinachopokea data ghafi na kuitoa ikiwa na manufaa, kitenzi hicho kilikuwa tayari, kikisubiri kupewa tu kiambishi awali na tamati. Wanaosema prosesa hawana kosa, ila anayesema kichakataji amekwisha kueleza nusu ya kazi yake.

Mapigo ndiyo yanayohitaji maelezo. Ndani ya kompyuta mna kipande kidogo cha fuwele kitetemekacho kwa idadi ileile kila sekunde, na mtetemo huo, ukishazidishwa mara nyingi, ndio unaoziamuru sakiti za kichakataji zisogee hatua moja kwa pamoja. Kila amri ya namna hiyo ni pigo, na gigahezi 1 ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Hesabu hiyo hainenei kamwe kiasi cha kazi iliyotendeka katika pigo moja. Mpiga kasia anayechovya upesi na kuvuta kidogo huachwa nyuma na mwenziwe achovyaye kwa nadra na kuvuta kwa nguvu, ijapokuwa aliyeko ufukweni akihesabu makasia yanavyopanda na kushuka atampa wa kwanza ushindi. Kwa sababu hiyo nashika rai kwamba gigahezi ziitwe kiwango cha mapigo, na kasi ibaki kuwa jina la kazi iliyokwisha kutendeka, yaani mapigo yakizidishwa kwa kazi ya kila pigo.

Ushahidi wa jambo hili umo katika ushindani wa makampuni mawili ya Marekani, Intel iliyoanzishwa mwaka 1968 na AMD iliyoifuatia mwaka 1969. Novemba 2000 Intel ilitoa Pentium 4 yenye mapigo ya gigahezi 1.5, ilhali Athlon ya AMD ya wakati huo ilikuwa na 1.2; na katika majaribio mengi ile yenye mapigo machache ndiyo iliyotangulia. Siri yake ilikuwa katika muundo. Wahandisi wa Intel waliigawa kazi ya kila agizo la programu katika hatua 20 fupi fupi, ili kila hatua iwe nyepesi na mapigo yaweze kuongezwa. Lakini programu haiendi moja kwa moja, hufika penye njia panda, na kichakataji, kwa kutotaka kungoja, hubuni upande wa kufuata. Kikibuni vibaya, kazi yote iliyokwisha kuingia katika zile hatua hutupwa, ikaanzwa upya, na kadiri hatua zilivyo nyingi ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Mwaka 2004 hatua hizo zilifikishwa 31, joto likazidi, na azma ya kutoa Pentium 4 ya gigahezi 4 ikaachwa mwaka huohuo.

AMD nayo ilikuwa imekabiliwa na taabu ya kuuza kitu bora chenye tarakimu ndogo. Oktoba 2001 ilitoa Athlon XP, na kichakataji chenye mapigo ya gigahezi 1.53 ikakiita 1800+. Ilieleza rasmi kwamba nambari hiyo ilipimwa kwa kulinganishwa na Athlon za zamani, lakini kila mnunuzi aliisoma akiwa na Pentium 4 akilini. Wako waliolaumu jambo hilo kuwa ni hadaa. Mimi naona nambari ile ilikuwa karibu na insafu kuliko gigahezi zenyewe, kwa kuwa ilijaribu kutaja kazi. Na Julai 2006 Intel yenyewe ilitoa Core 2 Duo, ambayo kwa mapigo ya gigahezi 2.4 iliishinda Pentium 4 ya 3.8.

Tukija katika bei, mwaka 2017 unatupa mfano ulio wazi. Core i5-7600K ya Intel ilitangazwa kwa dola 242, ikiwa na viini 4 na mapigo ya gigahezi 3.8; Ryzen 5 1600 ya AMD ilitangazwa kwa dola 219, ikiwa na viini 6 na mapigo ya 3.2. Kiini ni kichakataji kamili ndani ya kichakataji, nacho hufaa pale tu kazi inapogawanyika. Mcheza michezo ya kompyuta ya wakati ule, ambayo mingi haikujua kuvitumia viini vingi, alikuwa na haki ya kuipendelea ile ya Intel. Mhariri wa video, ambaye kazi yake hugawanyika kwa wepesi, angekuwa ameidhulumu nafsi yake kwa kulipa zaidi apate kidogo. Mizani ya bei na utendaji, basi, haiwezi kuwekwa kabla ya kuulizwa: utendaji wa kazi ipi?

Tena bei ya kichakataji si ile iliyoandikwa katika kasha lake. Ryzen 5 1600 iliuzwa pamoja na feni yake ya kuipoza, na i5-7600K iliuzwa bila ya feni, tena aliyetaka kuiongezea mapigo ilimlazimu kununua ubao mama wa daraja la ghali. Oktoba mwaka huohuo Intel ilitoa vichakataji vipya vyenye viini 6, vilivyotoshea katika soketi yenye idadi ileile ya migusano 1151, na hata hivyo havikukubali kufanya kazi katika mbao za zamani. Ilhali aliyenunua ubao wenye AM4, soketi ya AMD, mwaka 2017 aliweza, kwa kubadilisha programu ya ubao tu, kutia kichakataji cha mwaka 2022 mahali palepale alipotia cha kwanza.