Majira na Mambo ya Nyumbani katika Picha za Chapa za Uholanzi

Mvunaji ameketi shambani, amelielekeza gudulia kinywani na anakunywa kwa kiu ya mchana kutwa. Mguu wake umevuka fremu ya picha hadi kwenye maandishi yaliyo chini.

Picha hiyo ya kiangazi ilichorwa na Pieter Bruegel mwaka 1568. Ni moja kati ya nne za majira ya mwaka zilizotolewa mwaka 1570 na Hieronymus Cock, mchapishaji wa Antwerp, mji ambao leo uko Ubelgiji. Bruegel alifariki mwaka 1569 akiwa amemaliza machipuko na kiangazi tu, hivyo mbili zilizosalia akapewa Hans Bol. Pieter van der Heyden ndiye aliyezichonga kwenye mabamba ya shaba. Bamba lilipakwa wino, likafutwa hadi wino ukabaki ndani ya mikwaruzo pekee, kisha likagandamizwa kwenye karatasi yenye unyevu.

Kabla ya hapo wasanii wengi waliyaonyesha majira kwa sura za miungu ya Kirumi: Flora na maua, Ceres na masuke ya ngano, Bacchus na zabibu. Bruegel aliwapa nafasi hiyo wakulima. Hata hivyo fumbo lilibaki, kwani maandishi ya Kilatini yanalinganisha mwaka na umri wa mwanadamu, kuanzia utoto wa machipuko hadi uzee wa majira ya baridi.

Baadaye mafumbo yaliingia majumbani. Mwaka 1614, huko Amsterdam, Roemer Visscher alitoa *Sinnepoppen*, kitabu cha picha ambamo vyombo vya kawaida vinabeba mafunzo. Kimojawapo ni kijisanduku cha mbao chenye matundu, kinachotiwa chungu cha makaa ili kupasha miguu joto wakati wa baridi. Visscher alikiita kipenzi cha mabibi. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1711, Jan Luyken naye alivigeuza vyombo 50 vya nyumbani kuwa mafunzo ya dini.

Kati ya wawili hao alikuwepo Geertruydt Roghman, aliyezaliwa mwaka 1625 katika familia ya wasanii. Yeye alichora na kuchonga picha tano za wanawake kazini: wanashona, wanasokota nyuzi, wanapika. Katika moja, mwanamke anayesugua vyombo ametupa mgongo na uso wake hauonekani. Hakuna shairi la kumsifu wala la kumwonya. Wakati vitabu vya maadili vilimhubiria mwanamke namna ya kuishi, Roghman alimtazama akifanya kazi na kuiheshimu kazi hiyo. Kwa hilo anastahili kutajwa sambamba na Bruegel, na historia ya sanaa imechelewa mno kumpa heshima hiyo.