Kujitengenezea risasi nyumbani: Hesabu ya 'bei chee' inayosahau gharama tatu

Mahindi yakianza kubeba, mkulima hana usingizi. Nguruwe pori wanaingia usiku, nyani na ngedere wanashika zamu ya mchana. Kazi ya msimu mzima inaweza kuondoka ndani ya siku chache.

Kwa mkulima wa Mbebe, kata iliyopo Wilaya ya Ileje mkoani Songwe, hapo ndipo wazo la bunduki linapokuja. Na siku hizi simu inaongeza lingine. Ukifungua video mtandaoni unamuona Mmarekani kwenye gereji yake, anayeyusha madini ya risasi, anamimina kwenye kalibu, anajaza maganda yaliyotumika. Anasema ameokoa nusu ya gharama.

Swali linakuja lenyewe: kwani hapa kwetu haiwezekani?

Makala haya yanaeleza kazi hiyo ni nini, kwa nini wengine wanaifanya kihalali, na kwa nini kwa Tanzania hesabu yake inaweza kumaliza familia.

KWA UFUPI

- Kutengeneza au kujaza risasi bila kibali ni kosa la jinai Tanzania.
- Mashtaka ya silaha na risasi yanaweza kuangukia kwenye uhujumu uchumi, ambako kifungo huanzia miaka 20.
- Madini ya risasi ni sumu. Kwa mtoto hakuna kiwango kilichothibitishwa kuwa salama.
- Mwenye gobore la urithi anaweza kulisalimisha, hasa kipindi cha msamaha kinapotangazwa.

Neno moja, vitu viwili

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka kwenye bunduki, na risasi ni metali nzito ya kijivu iliyomo ndani ya betri ya gari. Neno lina asili ya Kiarabu, na kuchanganyika huko kuna sababu. Kwa karne nyingi goroli ya bunduki ilikuwa kipande cha metali hiyo tu, kilichoyeyushwa na kumiminwa.

Risasi inapendwa kwa sababu ni laini na inayeyuka kirahisi, kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi. Moto wa kuni unafika hapo bila shida. Chuma kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,500. Ndiyo maana mtu asiye fundi anaweza kuyeyusha risasi nyuma ya nyumba, na ndiyo maana ni hatari.

Risasi ya kisasa ina nini?

Risasi ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne:

1. Ganda, ambalo mara nyingi ni la shaba nyeupe.
2. Fataki, kile kidude kidogo kitakoni kinachowaka kikigongwa.
3. Baruti, inayoungua na kutoa gesi yenye msukumo.
4. Kichwa, yaani kipande kinachoruka.

Ikishapigwa, fataki, baruti na kichwa vimekwisha. Ganda linabaki. Kwa kuwa ganda ni moja ya sehemu za gharama, watu wakajiuliza: kwa nini litupwe? Hapo ndipo ilipoanzia kazi ya kujaza upya.

Nchini Marekani mwaka 1958, Richard Lee alianza kutengeneza vifaa vya bei nafuu vya kujazia risasi akiwa kwenye karakana ya nyumbani kwake. Kampuni iliyotokana na kazi hiyo bado ipo. Kwa Wamarekani wengi hii ni kazi ya mapumziko: wana mizani inayopima baruti kwa vipimo vidogo sana, wana vitabu vya vipimo vilivyofanyiwa majaribio, na baruti na fataki zinauzwa dukani.

Afrika Kusini nayo inaruhusu, ila kwa masharti. Mwenye leseni anaweza kujaza risasi za silaha yake mwenyewe, na kwa kawaida haruhusiwi kukaa na risasi zaidi ya 200 kwa kila silaha.

Kwa hiyo yule jamaa wa kwenye video haongopi kuhusu bei. Anachokiacha ni kwamba ana sheria inayomruhusu, vifaa vilivyopimwa na bunduki ya kiwandani. Mtu wa Ileje akiiga video bila hayo matatu, anaiga moto tu.

Gharama ya kwanza: Sheria

Tanzania inaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki silaha kunahitaji leseni, na kutengeneza silaha au risasi bila idhini ni kosa. Kisingizio cha "ni za kufukuzia nguruwe tu" hakibadilishi kosa.

Baruti ina sheria yake, Sheria ya Baruti, Sura ya 45. Hata mchimbaji mdogo wa dhahabu anayepasua mwamba hatakiwi kununua wala kutunza baruti bila kibali.

Kinachowashtua wengi ni adhabu. Makosa makubwa ya silaha na risasi yamo kwenye orodha ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, Sura ya 200. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayetiwa hatiani chini ya sheria hiyo anakabiliwa na kifungo cha kuanzia miaka 20 hadi 30. Mtu aliyeingia akiwa na mtoto darasa la kwanza anatoka mtoto akiwa mtu mzima.

Ukitumia silaha hiyo kuua mnyamapori bila kibali, inaongezeka Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hapo kesi si moja tena.

Na kuvuka mpaka hakusaidii. Mwaka 2004 nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, zilisaini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo. Moja ya mambo yaliyokubaliwa ni kila nchi kufanya utengenezaji haramu wa silaha na risasi kuwa kosa la jinai.

Risasi halali zipo. Shirika la Mzinga la Morogoro, lililo chini ya jeshi, limekuwa likizalisha risasi tangu enzi za Mwalimu Nyerere. Mwenye leseni ananunua kwa muuzaji aliyesajiliwa, na ununuzi unaandikwa.

Gharama ya pili: Bunduki yenyewe

Magobore si kitu kigeni kusini magharibi mwa Tanzania. Karne ya 19 yaliingia kwa wingi pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa. Ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga, wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu chini ya Mlozi walipigana na kampuni ya Waingereza kuanzia mwaka 1887 hadi 1889.

Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels na kuwekea Afrika vikwazo vya silaha. Bunduki za kisasa zilizuiwa kwa ukali, huku gobore na baruti ya kawaida vikilegezewa masharti. Matokeo yake Mzungu alibaki na bunduki ya kisasa, mwenyeji akabaki na gobore.

Gobore halitumii ganda. Baruti inashindiliwa kwa mbele, kisha goroli. Baruti yake ni nyeusi ya zamani, inayotoa moshi mwingi. Baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kubwa zaidi. Ikiingizwa kwenye gobore, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji.

Magobore mengi ya mtaani mtutu wake ni bomba lililotengenezwa kwa kazi nyingine. Hakuna aliyelipima. Linaweza kuvumilia mara kumi, la kumi na moja likachukua vidole au jicho. Hilo halirekebishiki kwa kutengeneza goroli nzuri zaidi.

Gharama ya tatu: Sumu

Hii ndiyo isiyoonekana, kwa hiyo watu wanaipuuza.

Risasi haitoki mwilini haraka. Inaingia kwa moshi na vumbi, inakaa kwenye mifupa kwa miaka, na inaumiza ubongo, figo na damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watoto wadogo wanafyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kwa kiasi kilekile kilichoingia mwilini. Kwa mwaka 2021 pekee, shirika hilo lilihusisha vifo zaidi ya milioni 1.5 duniani na risasi.

Mifano haiko mbali:

- Kabwe, Zambia. Madereva wa malori wanaotoka Tunduma kwenda Lusaka wanaupita mji huu. Mgodi wake wa risasi na zinki ulifanya kazi kwa takriban miaka 90 na kufungwa mwaka 1994. Hadi leo udongo wa baadhi ya mitaa una sumu, na watoto wanaocheza hapo wanakutwa na risasi kwenye damu.
- Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri za magari kilianza mwaka 2007 jirani na makazi. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Rufaa ilitengua uamuzi huo, kisha Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024.
- Thiaroye-sur-Mer, Senegal. Hapa hapakuwa na kiwanda kikubwa. Watu wa kawaida walichekecha udongo wenye risasi ya betri chakavu ili wauze. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 walikufa watoto 18.

Mfano wa Thiaroye ndio unaomhusu zaidi mtu wa nyuma ya nyumba. Waliodhurika hawakushika bunduki. Walikuwa watoto wa wanaotafuta riziki, waliokaa karibu na vumbi lililoletwa nyumbani.

Anayeyeyusha risasi kwa kazi halali

Kuna wanaoyeyusha risasi bila kuwaza silaha kabisa. Wavuvi wanahitaji chubwi za nyavu, na mafundi wana kazi zao. Ushauri wa kwanza ni kutafuta mbadala: jiwe, chuma chakavu au chubwi ya udongo wa kuchoma hufanya kazi ileile kwa bei ndogo na bila sumu.

Kama bado mtu anayeyusha, haya ndiyo ya chini kabisa:

- Afanyie nje, mbali na nyumba, kisima na bustani. Upepo uwe mgongoni.
- Watoto na wajawazito wasiwe karibu, hata kwa kuangalia tu.
- Asivunje betri. Ndani kuna tindikali, na vumbi la sahani zake ndilo baya zaidi.
- Sufuria ya kazi isirudi jikoni. Hata ikioshwa.
- Maji yasikaribie. Tone likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na kurusha metali ya moto usoni.
- Asile wala kuvuta sigara akiwa kazini. Anawe kwa sabuni, abadili nguo kabla ya kumshika mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Kitambaa cha kawaida puani hakizuii moshi wa risasi. Mtu akipata maumivu ya tumbo yasiyoisha, uchovu, choo kigumu au mtoto akidumaa kiakili, amweleze daktari kuwa nyumbani kuna kazi ya kuyeyusha risasi. Bila kuambiwa, daktari anaweza asifikirie kupima.

Sasa shamba linaliwa, afanye nini?

Nguruwe pori hula usiku, nyani hula mchana. Kwa hiyo ulinzi wa zamu wa majirani kadhaa una nguvu kuliko mtu mmoja mwenye gobore aliyesinzia. Mbwa, moto pembezoni, makopo ya kugonga na kufyeka vichaka vinavyogusa shamba husaidia, hasa vikibadilishwa badilishwa ili wanyama wasizoee.

Uvamizi ukizidi, taarifa iende serikali ya kijiji kisha kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Huyo ndiye mwenye njia ya kuomba msaada wa askari wenye silaha halali. Kwa wanyama waliotajwa kuwa hatari, kama tembo, kiboko na mamba, kanuni za mwaka 2011 zinaweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa kifo au majeraha. Fedha si nyingi na huchelewa, ila bila taarifa iliyoandikwa mapema hata hizo hazipo.

Anayetaka silaha kihalali anaanza na serikali ya kijiji au mtaa wake, na maombi yanapanda ngazi hadi kwa msajili wa silaha. Ni safari ndefu, na si kila mtu anapewa.

Na lile gobore la babu?

Familia nyingi zina silaha iliyorithiwa, imefichwa darini au shambani. Kurithi hakumpi mtu leseni. Umoja wa Afrika uliweka Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa silaha, na Tanzania imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa.

Kabla ya kulibeba, ni busara kupita kwa mwenyekiti wa kijiji na kuuliza kipindi kimetangazwa au la, na lipelekwe wapi. Mtu akikamatwa njiani na gobore begani bila taarifa kwa yeyote, atapata kazi kubwa kueleza kuwa alikuwa anakwenda kulirudisha.

Gunia la mahindi lina bei yake sokoni, na linauma likipotea. Ila msimu mwingine unakuja na mbegu zinapandwa tena. Vidole vya mkono, akili ya mtoto na miaka 20 ya baba havina msimu wa pili.