Jiwe la Birikani

Jiwe lilikuwa kwenye birika la msikiti mdogo wa mtaani kwetu Bagamoyo, pale watu wanaposimama kutawadha. Miaka nenda rudi tumelikanyaga tukisugua nyayo, na mimi nimo. Birika lilipopasuka, fundi akalibandua jiwe, akaona chini yake maandishi. Akaweka mtaimbo kando, akatuma mtoto amwite mwalimu.

Mwalimu alilisugua kwa kumbi la nazi na maji, polepole, herufi moja baada ya nyingine. Likatoka jina la mwanamke, likatoka la baba yake, kisha mwaka: 1279. Mwezi umemeguka, zimebaki alifu na nuni za mwisho. Miezi inayoishia hivyo ni Shaabani na Ramadhani, na kwa mwaka ule yote miwili iliangukia mwanzoni mwa 1863.

Shangazi aliposomewa jina la baba mtu, alikaa chini pale pale uani. Huyo ndiye bibi anayetajwa wa kwanza katika khitma zetu, na kaburi lake hakuna aliyelijua.

Alifariki Bagamoyo ikiwa chini ya Seyyid Majid wa Unguja, miaka mitano kabla ya mapadre wa Roho Mtakatifu kuja kujenga misheni. Ukoo ulitawanyika mwaka 1888. Septemba ile manowari ya Kijerumani, Leipzig, ilishusha askari mjini, na wazee wetu wakakimbilia bara na walichoweza kubeba kichwani. Bushiri, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889. Wao walirudi baadaye sana, wakakuta makaburini pamepandwa minazi na shamba lina mwenyewe. Hayo tunayajua kwa mdomo tu; karatasi hatuna hata moja.

Jiwe nalo lilifikaje msikitini? Mwadhini mstaafu, mzee wa siku nyingi, alitujibu bila hata kufikiri. Baba yake alikuwa kibarua wa kukusanya mawe ya shambani yakachomwe chokaa. Mashahidi ya makaburi ni matumbawe, na tanuu halichagui. Hili aliliona lina maandishi, akalibeba begani usiku, akalilaza kifudifudi birikani ili jina la Mungu lisikanyagwe.

“Alilitoa wapi?”

“Nyuma ya mkwaju.”

Mkwaju wenyewe haupo tena. Tulizunguka shamba lile siku tatu, mimi na shangazi na binamu zangu wawili, tukipekua chini ya makuti makavu. Kilichotuokoa ni kibla. Kutoka Bagamoyo, Makka iko karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo maiti wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa mashariki, miguu magharibi. Siku ya tatu shangazi alisimama ghafla akanyoosha fimbo: vituta vya mawe, vyote vikielekea upande mmoja, wakati safu za minazi zinakwenda mshazari. Tukahesabu kumi na kimoja. Vichwa vyote upande wa bahari.

Kuna jamaa alitushauri tulipeleke jiwe serikalini. Nikaitafuta Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964: kifaa cha kale ni kile kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Nilipomweleza shangazi kwamba bibi yetu ameukosa ukale kwa wiki chache, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kulitoa jiwe msikitini hakukuwa na shida. Tulinunua mfuko wa saruji, fundi akatengeneza daraja jipya la kukanyagia. Shida ilikuwa shambani. Katika makaburi yale kumi na moja, mawili hayana shahidi la kichwani, yako bega kwa bega, urefu ule ule. Binamu yangu alitaka tukate shauri tu, tulisimike kwenye la kulia. Shangazi akakataa, hataki kumpa marehemu jina lisilo lake. Mwenye shamba, kijana muungwana, alisimama pembeni amevua kofia.

Shangazi alinyunyizia maji makaburi yote mawili, akafukiza ubani katikati, akasoma Fatiha mara mbili. Jiwe tulirudi nalo kwenye bajaji, amelipakata. Sasa liko chumbani kwake nyuma ya mlango, limefungwa kwenye kanga, maandishi yakitazama juu.