Kuruhusu si kuridhia

NIKIWA Lodwar majuzi, kijana mmoja alinionyesha programu ya kurembesha picha aliyotoka kuipakua. Simu ikamuuliza iwapo programu ile ifikie picha zake zote. Hata hakusoma. “Aa, Mwalimu, hapo ni kubonyeza tu,” akasema, akabonyeza ‘Ruhusu’.

Hiyo “tu” yake ndiyo iliyonikera.

Kiswahili hutenga kuruhusu na kuridhia. Anayeruhusu anaondoa kizuizi, basi. Anayeridhia ameelezwa, akapima, moyo wake ukakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji ridhaa. Simu inatuomba ruhusa.

Mkoloni hakuomba hata hiyo. Kuanzia 1920, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, na kwa alama hizo akasakwa akitoroka kazi ya setla.

Kambi ya Kakuma, kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, ilifunguliwa 1992. Mwaka 2013 ukaguzi wa alama za vidole ukaanza kutumika kwenye mgao wa chakula. Sababu ilielezwa vizuri: kuzuia udanganyifu. Lakini mwenye njaa atakataa vipi? Tazama yaliyotokea Garissa, karibu na kambi za Dadaab. Wakenya waliobanwa na ukame walijiandikisha kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Miaka baadaye walipoomba kitambulisho, vidole vyao vikasema wao si Wakenya. Maelfu walikwama hivyo, wengine tangu utotoni, maana waliandikishwa na wazazi. Alama iliyotolewa kwa ajili ya unga ikawa ushahidi dhidi ya uraia.

Picha nayo husafiri hivyo hivyo. Mara nyingi hubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Na siku hizi simu ndiyo sanduku la nyaraka: humo mna picha ya kitambulisho, cheti cha mtoto, barua ya hospitali.

Haki itendeke, simu zimebadilika. Kabla ya Android 6 ya 2015, programu ilidai kila kitu mara moja, ukubali au uiache. iPhone tangu 2020, na Android 14 tangu 2023, zinakuachia uchague picha chache. Mwaka huo wa 2023 Google ilizikataza programu za mikopo kugusa picha na namba za jamaa za mkopaji. Kamishna wa Data naye akaitoza shule moja ya Nairobi faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi.

Tulifungua mipangilio ya simu ya yule kijana, tukaibakishia programu ile picha mbili tu.

“Na kama zile nyingine zimeshachukuliwa?”

Nikamweleza kwamba sheria inampa haki ya kudai zifutwe.

“Sawa, Mwalimu. Nimdai nani?”

Tukatafuta jina la mwenye programu. Palikuwa na anwani ya baruapepe, basi.