Ridhaa

Fomu ya upasuaji ina mahali pa kutia sahihi, na wodini sahihi hiyo ndiyo watu huiita ridhaa. Neno lenyewe, lililotoka Kiarabu, ni ndugu wa radhi na kuridhika, na halimaliziki kwenye karatasi. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kama mkuu wa chuo. Ridhaa hutoka kwa mwenye mwili wake, akishaelewa, na anaweza kuiondoa hata dawa ikiwa tayari kwenye bomba.

Mwanafunzi wa uuguzi hukutana na neno hili akiwa na sindano mkononi. Kutafuta mshipa hujifunzwa kwa vidole, na sanamu ya mazoezi haitoshi. Iko siku atamchoma mtu kwa mara ya kwanza. Namna nzuri niijuayo ni hii: "Shikamoo, mama. Mimi ni mwanafunzi. Naomba nikuwekee kanula, mwalimu wangu yuko hapa. Usipotaka, ataweka yeye." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Bila hayo, "haya, mwanangu" ya mgonjwa yaweza kuwa woga tu, maana wengi tumelelewa kutobishana na aliyevaa koti jeupe.

Baraza la Kimataifa la Wauguzi lina kanuni za maadili tangu 1953, nazo hufundishwa darasani. Ningependa mtahini asimame pia kando ya kitanda, asikilize kama mgonjwa ameambiwa kwamba anaweza kukataa.