Kutoka foromali hadi cheni bloki: Jinsi Kikambala ilivyojifunza kuinua injini

Injini ya Peugeot 504 imelala upande. Wafaransa waliolitoa gari hilo mwaka 1968 waliziinamisha silinda zake nne kwa nyuzi 45, ili boneti ishuke chini. Dereva anaweza kuliendesha miaka 20 asilijue hilo. Fundi wa Kikambala anayetaka kuing'oa injini hiyo chini ya mwembe hulifikiria kabla ya yote, kwa kuwa mnyororo ukifungwa pasipo pake, injini hujipindua mara tu inapoachana na gari.

Kandokando ya barabara ya Mombasa hadi Malindi, kuanzia Mtwapa, Kikambala na kuendelea hadi Vipingo, kazi ya kung'oa injini za magari ya zamani ina historia ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani. Mpita njia huona nguzo tatu na mnyororo, akasema hizo ni mbinu za umaskini. Hakika ni elimu, na sehemu yake kubwa ilikuwako Pwani kabla gari la kwanza halijafika.

Nahodha wa jahazi alikuwa na mzigo wake mzito wa kuinua: foromali, gogo linalobeba tanga, ambalo urefu wake hukaribia urefu wa chombo chenyewe. Foromali ilifungwa henza, kamba nene inayopita juu ya mlingoti. Henza ilishikana na gofia, yaani roda, na kwenye gofia ikapita jarari, kamba ambayo mabaharia waliivuta kwa pamoja. Kadiri kamba inavyozunguka kwenye roda nyingi, ndivyo mkono unavyopunguziwa uzito, na ndivyo kamba ya kuvuta inavyozidi kuwa ndefu. Gereji za leo zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Barabara nayo ilichangia. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, lakini mbele yake palikuwa na maji mengine. Hori ya Mtwapa ilivukwa kwa feri iliyovutwa kwa mikono, wanaume wakiimba huku wakivuta mnyororo uliotoka ng'ambo hadi ng'ambo. Kilifi, feri iliendelea kuvusha magari hadi daraja lilipofunguliwa mwaka 1991. Kikambala iko kati ya hori hizo mbili. Gari lililokufa injini hapo halikuvutwa kirahisi hadi Mombasa. Lilitengenezwa pale pale, kwa vilivyopo. Na vilivyopo havikuwa haba. Mashamba ya mkonge ya Vipingo yalikuwa na matrekta na mashine, na penye mashine hapakosi watu wa kuzifungua.

Magari yenyewe yaliwafundisha mafundi. Mbio za magari za Safari zilipoanza mwaka 1953, Volkswagen ndiyo iliyotamba katika miaka ya mwanzo. Injini yake iko nyuma, hupozwa kwa hewa, na hushikwa na bolti nne tu. Haihitaji kuinuliwa: gari ndilo hupandishwa kwa jeki, injini ikashushwa chini na kuvutwa nje. Kisha ikaja Peugeot 404, iliyoshinda Safari mwaka 1963 na tena miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ushindi huo uliwauzia Wakenya wengi Peugeot, na baadaye 504 ikarithi sifa hiyo. Magari hayo, pamoja na Land Rover, yana injini za mbele ambazo lazima zitolewe kwa juu. Injini ya chuma ya aina hiyo inaweza kufika kilo 150 hadi 200, hata kupita.

Tazama basi inavyong'olewa kwa nguzo tatu. Kwanza maji ya rejeta humwagwa, kisha hutolewa boneti, betri, rejeta, mipira ya maji na nyaya. Nguzo hufungwa pamoja vichwani, na miguu yake huchanuliwa juu ya gari. Kikambala ni mchanga, kwa hiyo kila mguu huwekwa juu ya jiwe bapa au kipande cha ubao mzito, na miguu yote mitatu huzungushiwa kamba chini ili isiteleze nje mzigo unapokaza. Gia boksi hukingiwa jeki kwa chini. Mmoja huvuta mnyororo wa cheni bloki, mwingine huishika injini na kuielekeza, akiitoa taratibu kwenye shafti ya gia. "Lete... lete... basi!" Injini ikishapita juu ya grili huachwa inaning'inia pale pale, na gari ndilo linalosukumwa nyuma. Nguzo hazisogezwi zikiwa na mzigo.

Zamani nguzo hizo zilikuwa za mikoko, iliyokatwa na kuuzwa kwa vipimo vyake, kuanzia fito na pau hadi boriti na nguzo. Kadiri serikali ilivyobana ukataji wa mikoko, mafundi wengi walihamia mabomba ya chuma, yaliyotobolewa vichwani na kupitishiwa bolti moja nene.

Cheni bloki inayoning'inia kati ya nguzo hizo ilitoka mbali. Mwaka 1854 Mwingereza Thomas Aldridge Weston alibuni roda mbili zilizounganishwa, moja kubwa kidogo kuliko mwenzake, zikizungukwa na mnyororo mmoja usio na mwisho. Tuseme roda kubwa ina vishimo 10 vya kushikia mnyororo na ndogo ina 9. Ili injini ipande mita 1, fundi atavuta mita 20 za mnyororo, na kila kilo 20 za mzigo humdai kilo 1 ya mkono, ukiacha msuguano. Bandu bandu huisha gogo. Msuguano huo unaomchosha ndio pia unaozuia injini isishuke anapopumzika. Cheni bloki za sasa hutumia gia na breki.

Kreni ya kununua dukani ina ukoo wake pia. Joseph Bramah alipata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa nguvu ya maji mwaka 1795, na Richard Dudgeon wa New York akapata ya jeki ya aina hiyo mwaka 1851. Kreni ya gereji ni jeki ya mafuta iliyopewa mkono na magurudumu. Kwenye sakafu ya saruji haina mpinzani. Kwenye mchanga, vigurudumu vyake huzama, na kreni inayozama upande mmoja huku imebeba injini ni hatari. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalisomi: kreni iliyoandikwa tani 2 hubeba tani 2 mkono ukiwa mfupi tu. Mkono ukivutwa hadi mwisho, nyingi hubaki na uwezo wa nusu tani.

Basi swali la kuuliza si kama kifaa ni cha dukani au cha kujitengenezea. Tuulize mnyororo umekaguliwa lini, kulabu imeanza kufunguka au la, na nani ameingiza mkono au kichwa chini ya mzigo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka minyororo, kamba na vifaa vya kunyanyulia vikaguliwe na mtaalamu angalau kila miezi 6. Ukaguzi huo unapaswa kufika chini ya mwembe kama unavyofika bandarini Kilindini.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyoiambia dunia kwamba kazi za namna hii ni uchumi kamili, na mwaka 1992 serikali ikaandika sera yake kuhusu biashara ndogo na jua kali. Kilichobaki ni kuuheshimu ujuzi wenyewe. Vyuo vya ufundi vya Kilifi viwaite mafundi hawa waonyeshe jinsi ya kusimamisha nguzo kwenye mchanga, nao wafundishwe kusoma uwezo wa mnyororo na dalili za kulabu iliyochoka. Kijana atakayeyajua yote mawili ataitoa injini ya mwaka 1968 bila kuumiza mtu, na ataijua pia kazi ya kuinua chochote kizito kitakachokuja baada yake.