Fundi wa Mpanda na Kontroli Boksi

Wasikilizaji kadhaa wameniandikia wakiuliza kwa nini magari haya ya familia yaliyoinuliwa kidogo, RAV4, X-Trail, CR-V na mengine ya ukoo huo, yanasumbua sana mara yanapofika bara. Mmoja wao, aliyehamishiwa kikazi Mpanda, anasema amelipia matengenezo mara nne kwa ugonjwa ule ule. Jibu la mitaani ni kwamba magari hayo ni mabovu. Mimi sikubaliani nalo, na ili nieleze ni kwa nini, hapana budi nirudi nyuma.

Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki. Wakati reli hiyo inajengwa, yaani mwaka 1948, Waingereza walikuwa wakiionyesha Land Rover kwa mara ya kwanza huko Amsterdam. Gari hilo ndilo lililokuja kutawala njia za Mpanda, na baadaye zile za kuelekea makazi ya wakimbizi wa Burundi, Katumba yaliyofunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978.

Land Rover ile ya petroli ilikuwa na chesisi nzito ya chuma, kabureta, na waya chache ambazo mtu angeweza kuzifuata kwa kidole mpaka mwisho. Ikikohoa, fundi alifungua kabureta akaipuliza. Ikikataa kuwaka, alifungua distributa na kusugua pointi kwa kipande cha msasa. Nimeketi mara nyingi na mafundi wazee wa mjini Mpanda, na wote husema neno moja: gari lilikuwa linasema. Mlio ulikuwa na maana, harufu ilikuwa na maana. Kijana alikuja gereji akiwa na miaka 15, akaosha vyuma kwa petroli miaka miwili, na sikio lake likafundishika. Hapakuwa na kitabu, wala hakikuhitajika sana.

Kisha ikaja miaka ya uhaba, ambayo sina haja ya kuisimulia. Mwaka 1984 Serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na polepole mlango wa magari yaliyotumika Japani ukafunguka. Mwaka 1994 Toyota ilitoa RAV4: gari lisilo na chesisi ya kujitegemea, lililojengwa kwa vipande vingi vya Corolla na Carina, ila limeinuliwa na kupewa uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne. Mwaka huo huo, hapa kwetu, ilipitishwa sheria iliyoanzisha VETA. Gari na chuo vilizaliwa pamoja, lakini kwa miaka mingi havikukutana chini ya mwembe wa gereji.

Yafaa tuutazame ugonjwa wenyewe. X-Trail, iliyotoka mwaka 2000, inajulikana kwa kuzimika ghafla injini ikipata moto. Mwenye gari anasukuma kando, anangoja nusu saa, linawaka kama halikuwa na lolote. Mara nyingi chanzo ni sensa (si ile ya kuhesabu watu) inayoiambia kontroli boksi kwamba injini inazunguka na imefika wapi. Mwaka 2003 Nissan iliyaita magari yake zaidi ya milioni 2 duniani kwa sababu ya sensa ya namna hiyo. Lakini fundi aliyelelewa na Land Rover anaposikia gari limezimika, mkono wake unakwenda kwenye mafuta: anabadili pampu, anabadili chujio, anabadili plagi. Kila kifaa kina bei yake, na ugonjwa uko pale pale.

RAV4 za mwaka 2001 hadi 2003 zina kisa kibaya zaidi. Giaboksi ya otomatiki inapiga teke inapobadili gia, na kila mtu anaona giaboksi imekufa. Inashushwa, inanunuliwa nyingine ya mtumba, nayo inapiga teke vile vile, kwa sababu aliyekuwa akitoa amri mbovu ni kontroli boksi. Nchini Marekani Toyota yenyewe iliongeza muda wa dhamana kwa tatizo hilo. Zile zenye injini ya D4 zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, hivyo petroli ya madumu ya vijijini, yenye mchanga na maji, ni sumu kwao.

Mengine ni ya vumbi na mashimo: bushi, shokapu, boljointi, chujio la hewa lililoziba. Hayo Mpanda wanayaweza, na wanayaweza vizuri. Nitaje moja tu linalosahaulika, tairi. Mtu ananunua mbili mpya na kuacha mbili zilizolika, na katika RAV4 za mwanzo kifaa kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika hadi kiungue.

Siku hizi mashine ndogo za kusoma kontroli boksi zimefika, na hapo limezaliwa kosa jipya. Mashine inaandika P0335, kijana anasema sensa imekufa, nunua nyingine. Namba hiyo haisemi hivyo. Inasema tu kwamba taarifa ya sensa haifiki sawasawa. Huenda waya umetafunwa na panya, huenda plagi yake imeingia maji, huenda aliyefunga redio na king'ora alikata asipopaswa kukata. Kupima waya kwa mita kunachukua dakika kumi. Ila maelekezo ya kupima yamo kwenye kitabu, na gari lilipanda meli Japani likiwa na kitabu cha Kijapani, kama kilikuwemo. Yule fundi mzee hakupungukiwa akili. Tuliagiza gari, hatukuagiza maarifa yake, na gharama inalipwa na mwalimu au muuguzi aliyekopa ili alinunue.

Sasa lami imetoka Tabora hadi Mpanda, na magari yanayofika ni mapya zaidi. Yameanza kuja ya haibridi, ambayo chini ya sakafu yanapita waya wa rangi ya machungwa wenye zaidi ya volti 200, umeme wa kuua mtu. Majuzi nilikuta moja limeinuliwa kwa jeki gereji. Kijana alikuwa amelala chini yake na koleo mkononi, akamuuliza mwenzake waya ule wa machungwa ni wa nini. Mwenzake naye hakujua. Nilimwomba atoke kwanza.